Ukurasa wa Agosti

Kalenda ilikuwa ya wakala wa meli, bandarini Mtwara,
enzi zile Nampoto bado anaendesha winchi.
Ukurasa wa Agosti: mji wa mawe, Peru,
umekaa juu ya mawingu kama kuku aliyegoma kushuka darini.
"Somoe," akasema, "tukistaafu, twende."
Nikasema twende. Neno halilipiwi nauli.

Kiinua mgongo kilipokuja kilipita sebuleni, hakikuketi:
bati, ada ya Muhibu, jino langu.

Basi Jumatatu tukafunga mlango, tukaenda Mikindani,
mwendo wa kumaliza kashata moja,
tukapanga chumba kama wageni.
"Hapa ni Lima," akasema, akavua kofia kuusalimia ukuta.
Tukapita vichochoroni, mlango kwa mlango,
yeye akifuata nakshi kwa kidole, mimi nikihesabu
nyumba zilizobaki kuta bila watu
na mtini uliojikalia sebuleni, mizizi umeinyoosha.
Hakuna aliyetuharakisha.
Tulikula ming'oko kwa chumvi, tukalala mchana.

Lindi ikawa Kusko. Siku mbili.
Muuza pweza akatuuliza tunamtafuta nani.
"Hatumtafuti mtu," nikamjibu, "tunatazama."
Naye akageuka kutazama nyuma yake,
akauona mtaa wake, akacheka.

Kilwa Kisiwani tulivuka asubuhi kwa boti ya mashine,
Nampoto ameshika ubao kwa mikono miwili:
miaka thelathini bandarini, na kuogelea hajui.
Kijana wa kutembeza wageni akasema karne, akasema masultani,
akasema dhahabu. Magoti yetu yakasema subiri.
Husuni Kubwa tukaketi ukingoni mwa birika la pembe nane.
Halina maji, lina mjusi mmoja.
Tukavua viatu vivyo hivyo,
tukatumbukiza miguu kivulini.

Ndipo akautoa ule ukurasa, umekunjwa mara nne,
akauinua mbele ya kuta, jicho moja amelifumba
kama fundi anayepima mstari.
"Wao wana mawingu," akasema.
"Sisi tuna mjusi," nikasema.

Upepo ukaupindua.
Nyuma yake mwandiko wangu, kalamu ya bluu:
mafuta ya taa, daftari mbili,
maziwa,
kliniki Alhamisi,
Binasa mia saba, nimrudishie.

Nikasoma polepole, kama msomi aliyefukua kigae.
Maziwa yale aliyanywa nani?
Kliniki tulikwenda, mimi au mtoto?
Nyumba ile walishaivunja kupisha barabara.
Binasa tulimzika, mwaka siukumbuki, mvua ilinyesha.

"Mia saba," akasema Nampoto. "Hatukumlipa?"
Nikamwambia sijui.

Kijana akauliza kama tuendelee msikitini.
Tukamwambia atangulie.