Kikohozi Kabla ya Bao

Habari ilinikuta shambani, juu ya Kitangari,
mashine ya sulfa mgongoni,
mikorosho imetoa maua, na vumbi la njano
limenikaa kwenye kope kama unga wa mwali.
Simu ikatetemeka. Danda, mdogo wangu, kutoka Nanyumbu:
"Kaka, Bakari Ndembo ametutoka."
Akaongeza: "Yule wa mpira."
Kana kwamba ningeuliza yupi.

Nilizima mashine.

Sikumjua. Hakunijua.
Sura yake niliiona nikiwa na miaka thelathini,
gazetini, na nikakasirika:
mtu mfupi, ana kipara, amevaa kandambili.
Sauti ile nilikwisha kuipa mwili mwingine,
mrefu, wenye koti.

Jumamosi tulianika mawe ya redio juu ya bati
tangu asubuhi, mawe manne yanayovuja asali nyeusi,
na Danda akiyang'ata matako ili yakumbuke kazi.
Baba alirudi kutoka bondeni na madumu yake,
baiskeli imelia mlima mzima,
wala hakuomba maji. Aliuliza: "Wameshaanza?"
Redio ikawekwa juu ya kinu kilichopinduliwa,
nasi chini, kimya, kama wanaosomewa wosia.

Alikuwa na kikohozi.
Mpira ukifika kumi na nane sauti ilipanda,
ikapanda, halafu, khh-hm,
na kabla hajatamka neno baba yuko hewani.
Mama anatoka jikoni na mwiko: "Nani kafunga?"
"Bado hajasema."
"Sasa mnarukia nini?"

Baba hakuwahi kuuona uwanja.
Mtwara mjini alifika mara tatu, zote hospitali.
Lakini alijua goli lipi linapigwa na jua la jioni,
alijua nyasi zilipochakaa,
alijua mwamuzi gani ana kitambi.
Ndembo alimwambia.

Wanaondoka mmoja mmoja, watu wale.
Mwaka juzi Likanga, kipa, Mikono ya Ulimbo.
Picha yake tuliipata imefungia vitumbua,
mafuta yameifanya ipitishe mwanga,
tukaibandika ukutani kwa ugali;
mende wakaanza na miguu.
Kisha Bi Tabu Machupa, aliyeigiza mama wa kambo
kwenye mchezo wa Jumatano usiku.
Shangazi aliapa wakikutana atamzaba kofi.
Aliposikia amekufa akasema, "Nilishamsamehe,"
akaingia ndani, akafunga mlango.

Msiba wa namna hii hauna mkeka.
Nimpe nani pole? Rambirambi niitume namba gani?
Nikiacha kazi leo jirani ataniuliza,
huyo Ndembo ni nani yako,
nami nijibu nini? Alikuwa akija kwetu Jumamosi?

Baba alipokufa mimi ndiye mtoto wa kwanza.
Nilihesabu sahani, nikaazima jembe la pili,
nikabishana bei ya sanda na Mchopa wa dukani,
nikanunua maji ya kumwoshea, mapipa mawili, kwa mkopo.
Jicho langu likawa kavu kama kisima cha Oktoba.
Watu wakasema: huyu kajaliwa moyo.

Miaka kumi na moja. Na leo, kwa mtu wa kandambili,
nimekaa kwenye majani makavu nalia
hadi mashine inagonga mgongoni.
Binti yangu Asinati akaja na chupa ya uji, akasimama.
"Baba, vipi?"
"Sulfa," nikasema. "Imeniingia."
Akaniosha macho kwa maji ya kununua,
kidogo kidogo, kwa kiganja.

Usiku nikampigia Danda.
Tulikaa muda, hakuna anayesema;
nasikia mbwa wa Nanyumbu, nasikia vocha inakwisha.
Kisha kule mbali
mdogo wangu akasafisha koo:
khh-hm.

Nami, mtu mzima, na kiuno hiki,
nikajikuta nimesimama.