Mbuzi Mwenye Herufi Kubwa

Jumamosi, saa tatu asubuhi, Samaili.
Kiyoyozi kinakoroma juu ya vichwa vitatu:
Azzan, Shinuna, na Mundhir asiyekaa kitako.
Ubao wangu ni mlango wa friji bovu,
wino hufutika vizuri pale, na sumaku bado zashika.

Shuleni wana alifu isiyojua ukubwa,
husimama vilevile kwa waziri na kwa mchunga.
Basi wananiuliza, na wana haki,
kwa nini katika lugha ya bibi kila herufi ni mbili,
moja ya kushindia nyumbani, moja ya kutokea.

Nawaambia: sentensi ikifungua mlango, huvaa.
Mtu huvaa. Mji huvaa. Ijumaa huvaa,
Machi huvaa, na Shaabani.
"Na mimi?" auliza Shinuna, anayesomeshwa Kiingereza.
Mimi, mjukuu wangu, kwetu halivai,
ila likitangulia mbele.
Akanuna. Akaifuta M yake kwa kidole cha mate.

Ami yao wa Unguja katuma ujumbe:
MAMA SHIKAMOO HALUA IMEFIKA IMEVUNJIKA KIFUNIKO
"Bibi, mbona anatupigia kelele?"
Nikasema simu yake imekwama.
Kweli ni kwamba Seifu, tangu yuko tumboni,
hajapata kusema jambo polepole.

Kisha Mundhir: "Na mbuzi je?"
Mbuzi ni mbuzi. Ndogo.
Wako saba zizini, wote ndogo.
"Akiwa na jina?"
Hapo nikajikwaa. Mwalimu hasemi uongo.
Akiwa na jina, nikasema, jina litavaa.

Alitoka mbio bila kandambili.
Akarudi na manyoya kwenye kanzu, akaandika:
Karafuu anakula boksi.
K yake ilijaza friji zima,
mguu mmoja ukamwagikia ukutani.

Somo tamu kama lile sikupata kulifundisha.
Nikaandika chini yake: Tumenunua karafuu.
Na chini tena: Tumenunua Karafuu.
Hii ya kwanza, nikasema, inaingia kwenye pilau.
Na hii ya pili…
Nikanyamaza. Shinuna akanimalizia:
"Ya pili nayo inaingia kwenye pilau. Jumanne."

Siku tatu zilibaki kufika Idi Kubwa.

Magharibi nilimkuta mume wangu zizini, miwani puani,
akisoma vipande vya boksi vilivyofungwa shingoni kwa uzi:
Kapteni. Tangawizi. Bi Machozi. Muskati.
Karafuu, mwenye vibao viwili, kwa usalama.
Mmoja alikuwa keshalitafuna jina lake,
imebaki herufi kubwa tu, R, inaning'inia.
"Zamzam," akasema, "watoto hawa
nani kawafundisha?"
Nikajitia kusikiliza adhana.

Jumatatu alikwenda Nizwa peke yake.
Akarudi usiku, taa za gari kazizima getini,
na mbuzi aliyemnunua akamlaza uani kwa jirani
ili asubuhi isimkute amepata jina.

Nusu ilikwenda kwenye shimo la shuwa la mtaa,
nusu nikaipikia pilau,
na karafuu nilizihesabu, kumi na moja, ndogo zote.
Zizini saba wakalia mchana kutwa kama wenye nyumba.

Azzan hakuwa amesema neno tangu Jumamosi.
Yeye ndiye mwenye hati nzuri, haandiki mpaka awe na hakika.
Alishusha tonge kwenye sinia,
akakifuta kidole, akakiinua kama darasani:
"Bibi, na huyu tunayemla,
yeye tungemwandikaje?"

Nikamwambia ale, wali unapoa.