Pakiti ya Raihana

Tabibu wa Makadara kasema mafuta yamejaa damuni,
nami mishkaki ya Kibokoni nimeila miaka arubaini
bila kuiuliza kitu.

Mwanangu Raihana kaniletea pakiti kutoka Nyali:
nyama isiyowahi kulia mee.
Nikaikaanga. Ikavuja damu ya bitiruti,
ikanukia moshi ambao haukuwashwa na mtu.

Tamu, sikatai.
Mafuta haba, nyuzinyuzi tele,
moyo ukaanza kushukuru.
Kisha nikavaa miwani, nikasoma mgongo wa pakiti:
chumvi!
Chumvi ya kukaushia ng'onda.
Presha yangu ikacheka.

Leo nimechambua mbaazi,
nimezipika kwa tui la pili, lile jepesi.
"Na ile pakiti, mama?"
Mpe paka wa kibarazani,
tuone kama atadanganyika.