Magoti ya Bibi Evanthia

Kwanza anakunja magoti chini ya blanketi.
"Hili la kushoto," asema, "ni Parnitha.
La kulia Penteli, mlima wa marumaru.
Usilibonyeze, Mwanaidi, lina baridi yabisi."
Bondeni, pale blanketi linapodidimia,
hupita mto Kifiso,
na pembeni, juu ya paja la kulia,
kidole chake kinatua: "Kifisia. Hapa."
Athene iko kifuani, inachemka.
Upepo wa kaskazini huingilia nyayoni.

Namvika soksi za pili.

Nje, Winnipeg imelala kama meza iliyokwisha kufutwa.
Kilima pekee ninachokijua mimi humu mjini
ni jaa la zamani lililooteshwa nyasi,
watoto huteleza juu yake kwa vibao,
chini yao yanaoza magodoro ya mwaka arobaini na nane.
Nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri.
Mto Mwekundu umeganda, watu wanautembelea kwa miguu
kama vile hawajui kwamba chini yake bado unakwenda.

"Kifiso nao walikuja kuufunika," asema,
"malori yakapita juu. Mto hauna wa kumlalamikia."

Yeye huhadithia joto kama wengine wanavyohadithia vita.
Julai Athene iliyeyuka kama mshumaa,
wenye nacho wakapanda treni na visanduku vya kofia,
na vizimba vya kasuku,
na huko juu, loo,
usiku ulihitaji shuka mbili,
maji ya chemchemi yaliuma meno,
na mti mmoja wa platano ulikua katikati ya njia
hata magari yakajifunza adabu, yakauzunguka.

Halafu hushusha sauti, kana kwamba kuna mtu ukumbini.
"Majeneza manne. Marumaru tupu.
Enzi za Warumi tajiri mmoja alikuja kukimbia jasho lake,
akapanda bustani, akachimba mabwawa ya kuogea,
akazika aliowapenda mumo humo kwenye kivuli.
Ubavuni wamechongwa watoto wenye mabawa
wamebeba mataji ya maua, miaka elfu moja na mia nane,
hawajaambiwa watue."

Kwenye faili la wakala wameandika:
*Mteja katoka mtaa wa matajiri. Azoea kuhudumiwa.*

Jumapili nilimsomea. Alicheka hadi kikohozi kikamkamata,
nikamwinua, nikampiga mgongo taratibu.
"Mama yangu alikuwa dobi, mwanangu!
Tulilala chini ya ngazi, kwenye nyumba ya vyumba kumi na vinne.
Zile shuka mbili nilizokwambia,
nani unadhani alizifua?"

Nikanyamaza na taulo mkononi.
Mimi ni mtoto wa Lushoto.
Najua wanaopanda mlima kuufuata ubaridi
na najua nani hubeba visanduku.
Bibi yangu alipiga pasi ya makaa, kola baada ya kola,
akiwapigia Wazungu walioikimbia Tanga;
kovu lake la kifundo nililishika kila Idi
bila kuuliza.

"Kwa hiyo majeneza," nikasema, "uliyaona?"
"Niliyaona? Nilipanda juu ya moja
kula pichi la wizi.
Marumaru ilikuwa baridi, tamu, hapa," akajipiga pajani.
"Mtu wa humo ndani hakusema kitu.
Nikaona huyu ndiye tajiri wa kwanza asiyenifukuza."

Maji ya beseni yamepoa. Nabadilisha.
Naanzia vidoleni, kaskazini,
napanda polepole hadi bondeni,
Penteli naipitia kwa kitambaa tu, maana inauma.
Kila siku huuliza, "Leo Kifisia joto ngapi?"
Nafungua simu. "Kumi na mbili. Mvua kidogo."
"Mvua kidogo," anarudia, kama mtu aliyeletewa barua.

Saa nne dawa inamshika.
Goti la kushoto linanyooka, kisha la kulia,
na blanketi lote linakuwa Manitoba.