Kipimo cha Mgongo

Isevya, saa nane usiku, umeme umerudi,
mimi na simu, maswali kumi na nane.
Huanza kazi usiimalize?
Viti vitatu vimelemewa na sare zisizo na vifungo.
Huweka vitu usikumbuke wapi?
Ufunguo niliukuta juzi ndani ya debe la asali.

Nililia kidogo. Nikacheka.
Darasa la nne mwalimu aliniita kichwa cha panzi,
na panzi nikawa, miaka thelathini.
Sasa zile herufi nne
zikanikaa mabegani kama koti nililokatiwa mimi.

Asubuhi nikamwambia dada Nyanzobe.
Hakuacha kuchambua mchele.
"Nani asiyesahau, Kalunde? Kwa maisha haya?"
Wote hukohoa, nikasema, si wote wana kifua kikuu.
"Na kifua kikuu hupimwa makohozi. Wewe umepimwa na simu.
Fundi gani hujipima mgongo mwenyewe?"

Hapo alinipata.
Utepe uko shingoni mwangu tangu usichana
na mgongo wangu siujui inchi ngapi.
Lakini nguo ikinibana kwapani, dada,
nani wa kunijulisha?

Nikaenda Kitete. Nesi hakucheka.
Daktari wa mambo hayo huja kwa zamu, akasema,
akaniandikia tarehe kwenye kadi ya njano.
"Usiipoteze."

Jana mama Shija karudisha gauni,
pindo linamkwaruza.
Nikafumua.
Kadi ya njano, nimeishonea humo,
mshono mzuri, umenyooka,
na tarehe imepita wiki tatu.