Misumari

Tangazo lilibandikwa Jumatatu kwenye lango la karakana,
gundi ikiwa mbichi bado:
*vibarua wa njia ya reli, umri usizidi miaka arobaini na mitano.*
Nyanzala alilisoma kwa sauti
kwa ajili ya wale ambao macho yao
yaliishia kwenye cheche za kukatia chuma.
Akarudia.
Mihayo akauliza, "Na reli yenyewe ina umri gani?"
Hakuna aliyecheka.

Mimi ni kibarua mwaka wa thelathini na moja.
Neno hilo lilikusudiwa siku moja tu;
nililivaa asubuhi kule Goweko, nikasahau kulivua.
Kila mwezi mkataba ulikufa, kila mwezi ukafufuka,
ili pasiwe na mwaka wa kuhesabika,
ili mafao yakose pa kushika.
Nimebeba mataruma ya mti, nikabeba ya chuma,
sasa yamekuja ya zege
na bega langu hayalitaki.
Bega la kushoto limeshuka. Fundi nguo wa Gongoni
hukata mkono mmoja mfupi, siku hizi haulizi.

Masika yale ya Malongwe, maji yalipokula tuta,
tulisimama kiunoni usiku kucha tukipokezana mawe.
Alfajiri treni ya abiria ikapita
taratibu, kama mtu apitaye mbele ya msiba.
Mtoto akapunga mkono dirishani.
Posho ya usiku ilikuwa hiyo.

Tulikutana uani kwa Kalunde,
aliyefyeka nyasi za njia hadi nyasi zikamfyeka goti.
Wengine walitaka barua.
Barua tumeandika; zina wajukuu sasa, kule makabatini.
Lugendo akataka tukalale relini.
Tukamkatalia: sisi treni hatuisimamishi
ila kwa bendera nyekundu, na kwa sababu.
Kalunde akaingia ndani, akatoka na kopo la maziwa ya unga,
akalimwaga mkekani:
misumari ya reli, iliyopinda,
ile inayong'olewa na kutupwa kando.
Kila mwaka aliokota mmoja. Ishirini na sita.

Kumbe kila nyumba ilikuwa nayo.
Mmoja ni komeo la banda la kuku,
mmoja mambo ya mbuzi,
mmoja kwa Mihayo hutwanga tangawizi.

Alhamisi tukaenda kwa miguu, watu arobaini na watatu,
mifuko ya rambo ikichanika njiani.
Tukaipanga mezani kwa ofisa, safu juu ya safu.
Meza ikalia.
"Hii ni mali ya shirika," akasema. "Nikiita polisi je?"
Nyanzala akavuta kiti ambacho hakukaribishwa.
"Waite. Waandike kwenye hati ya mashtaka:
wamekutwa na miaka yao."

Feni ilizunguka, ikazunguka.
Karani, kijana mwembamba, akaanza kuhesabu bila kuagizwa.
Alipofika mia sita na kitu akapotea,
akaanza upya,
nasi hatukumharakisha.

Sisemi tumeshinda.
Tangazo lipo palepale; jua limeifuta ile mitano,
imebaki arobaini.
Tumeahidiwa kikao, na vikao tunavijua.
Lakini chama kimeandikishwa, ada shilingi mia tano,
na diwani atakayetaka kura zetu
kwanza ashike msumari mmoja, atuambie uzito wake.

Mjukuu wangu Shija amechukuliwa.
Umri wake unaruhusiwa.
Kwa siku, bila mkataba.
Jana jioni alirudi na malengelenge viganjani,
akaweka kitu dirishani, akaenda kuoga kimya.
Nilikitazama muda mrefu kabla ya kukigusa.
Kilikuwa kimepinda kidogo,
kina joto bado la mfuko wake.