Ufa Nyuma ya Jiko

Jumatatu ulikuwa mwembamba, wa kupitisha kisu tu.
Alhamisi nikaupima kwa shubiri: moja na vidole viwili.
Mvua ya Bududa haipigi hodi;
imekaa siku tisa juu ya mabati yetu
kama mgeni aliyesahau kwao.

Wepukhulu yuko Mbale, anabeba saruji.
Simu imezimika tangu juzi.
Watoto wamelala mzungu wa nne,
nami na kibatari, nausikiliza mlima.
Una sauti, msidhani hauna:
unakata mizizi mmoja mmoja
kama mshonaji anayekata nyuzi kwa meno.

Nilisali. Sikusali vizuri.
Nilisema, Mungu, uzuie udongo huu.
Kimya.
Basi uzibe ufa.
Kimya, na tone likaanguka kwenye majivu.
Nikachoka kuagiza. Nikauliza tu, Upo?

Sikuona nuru, nisiwadanganye.
Mbuzi alikohoa bandani, basi.
Lakini woga ulionikalia kifuani mzimamzima
ukasogea kidogo,
kama mtu anayempisha mwenzake kwenye benchi,
nikajua kuwa chumbani tulikuwa wengi kuliko nilivyohesabu.

Na aliyeketi nami hakusema, Tulia, mlima hautashuka.
Miguu yangu ndiyo iliyomwelewa kwanza.
Nikamfunga Nambozo mgongoni, Khaukha akamvuta mbuzi,
nikashika mwiko na jerikeni tupu
nikaipiga njia nzima, mlango kwa mlango,
hadi kwa Mutonyi, ambaye hatusalimiani
tangu ule ugomvi wa mpaka wa mibuni.
Yeye ndiye aliyembeba mama mkwe wangu,
matope magotini,
wala hakuna aliyeuliza mpaka uko wapi.

Wamono alikataa kutoka. Alisema kitanda chake kikavu.
Hilo nalo namwambia Mungu kila usiku, bila adabu.

Saa kumi na moja mlima ukashuka.
Ukachukua jiko, migomba, hata ufa wenyewe.

Sasa tunalala darasani, chini ya ubao
wenye hesabu za mtu za kutoa.
Wananiuliza ujasiri niliutoa wapi.
Ujasiri gani? Tazameni mikono hii,
uji unamwagika kabla haujafika kinywani.
Ila mvua ikianza tena kugonga mabati,
siulizi kama yupo.
Nasogea kwenye benchi.